Facebook haikuiua Myspace peke yake, na mengine tunayokosea kuhusu vita vya mitandao

Jamani kuna stori zimerudiwa mpaka watu wanaziona ndo historia yenyewe. Ya kwanza, eti Mark Zuckerberg, yule mwanzilishi wa Facebook, ndo kaanzisha mitandao ya kijamii. Hapana. Facebook imeanza Februari 2004 tena ni ya wanafunzi wa Harvard tu, wakati huo mtandao mwingine, Friendster, tayari upo unajaza watu, Myspace nayo ipo toka Agosti 2003. Na kutangulia hakukumsaidia mtu, Friendster watu walimiminika kuliko seva zinavyoweza kubeba, ukurasa unafunguka kwa mbinde, mtu anasubiri wee mpaka anachoka anahama.

Halafu hii ndo inaniuma zaidi: "Facebook ilikuwa bora ndo maana ikaiua Myspace." Nusu tu ya ukweli hiyo. News Corp, kampuni ya vyombo vya habari ya tajiri Rupert Murdoch, ilinunua Myspace 2005 kwa dola milioni 580, mwaka uliofuata wakasaini na Google mkataba wa matangazo wa dola milioni 900, kila mtu akaona wameula. Kumbe ule mkataba ndo kitanzi, kwa sababu ili walipwe ile hela yote lazima wafikishe idadi fulani ya watu wanaotembelea, sasa ukishabanwa hivyo kila kona ya ukurasa unaiona hela, unabandika tangazo hapa, unabandika lingine pale, na kurasa zenyewe zilikuwa nzito tayari kwa muziki na mapambo ambayo watu walijiwekea. Mwezi Septemba 2006 Facebook wakafungua mlango kwa yeyote mwenye miaka 13 na kuendelea, ukurasa wao mweupe, mwepesi. Waliohama wakawavuta wenzao. Myspace ikaja kuuzwa 2011 kwa kama dola milioni 35 hivi, yaani kutoka 580! Kwangu mimi wenye mali walichangia sana kuliko mpinzani.

Mwenye hela nyingi ndo anashinda? Muulizeni Google. Google+, mtandao wao wa kijamii, ilitoka Juni 2011, hela ipo, wahandisi wapo, watu wana akaunti za Gmail tayari, mpaka Novemba 2013 wakalazimisha ukitaka kuweka komenti YouTube lazima upitie huko, watu walikasirika kwelikweli. Mwaka 2018 Google wenyewe wakakiri kwamba mara 90 kati ya 100 mtu akiingia Google+ hakai hata sekunde 5. Aprili 2019 ikafungwa kwa watu wa kawaida. Mtu anaenda mtandaoni kuwakuta watu wake, kama dada yako, rafiki zako wa shule na wale mnaocheka nao wote wako kwingine utafanya nini huko?

Kuna na hili la "nimeichoka Facebook, nimehamia zangu Insta na WhatsApp." Ndugu yangu hujahama, umebadilisha chumba tu kwenye nyumba ileile. Instagram Facebook waliinunua 2012 kwa dola bilioni 1 ikiwa na wafanyakazi 13 tu, WhatsApp wakaichukua 2014 kwa dola bilioni 19. Snapchat walipokataa ofa ya Facebook ya dola bilioni 3 mwaka 2013, ikafika Agosti 2016 Instagram wakaleta stori zao za kupotea baada ya saa 24, kitu ambacho Snapchat walikuwa nacho toka zamani.

Na la mwisho, naomba wasanii wanisikie hapa: si kweli kwamba ukishaposti kitu basi kipo milele. Machi 2019 Myspace walikubali kwamba wakati wa kuhamisha seva walipoteza nyimbo, picha na video zilizopandishwa kabla ya 2016, ikakadiriwa nyimbo zaidi ya milioni 50. Kuna bendi zilikuwa hazina kopi nyingine popote.