Jasho si mafuta

Nimechoka na nailoni. Kila wiki anakuja mtu kajifunga nailoni tumboni, juu sweta, juu ya sweta jaketi, kwenye joto hili la Dar es Salaam, eti anayeyusha kitambi. Akimaliza kukimbia anapanda mizani, anaona kilo imepungua, ananiita nishuhudie. Kaka yangu, hiyo ni lita moja ya maji. Ukifika nyumbani ukanywa na kula, imerudi.

Kazi ya jasho ni kupooza mwili, na linapooza pale linapokauka juu ya ngozi, si linapodondoka sakafuni. Ukiliziba, joto linabaki ndani, moyo unahangaika kupeleka damu kwenye ngozi na kwenye misuli kwa wakati mmoja, nawe unaishiwa nguvu kabla hujafanya zoezi la maana. Na si mchezo. Mwishoni mwa 1997 wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walikufa ndani ya wiki chache, wakikausha miili kwa mavazi yasiyopitisha hewa ili watimize uzito. Mwaka uliofuata mavazi hayo yakapigwa marufuku katika mieleka ya vyuo.

Mafuta yakichomwa hugeuka kaboni dioksaidi na maji. Katika kilo 10 za mafuta, kama kilo 8.4 hutoka kwa pumzi. Kwa hiyo hema, usijifunge!

Tena aliyezoea mazoezi hutoka jasho mapema na jingi kuliko mgeni. Fanya mazoezi kwenye joto siku 10 hadi 14: plazima, yaani majimaji ya damu, inaongezeka, mapigo yanatulia, jasho linawahi kuanza na chumvi yake inapungua. Fulana iliyolowa haikuambii umepungua. Mimi humwambia kila mtu ahesabu mapigo yake asubuhi kabla hajatoka kitandani, aandike, aangalie kama yanashuka baada ya wiki kadhaa. Wachache wanaandika.

Mengine haraka haraka. Maumivu ya siku ya pili baada ya mazoezi si asidi ya laktiki, ile inayotengenezwa na misuli ikifanya kazi kwa nguvu. Hiyo huondoka mwilini ndani ya saa moja hivi. Maumivu hayo ni majeraha madogo kwenye nyuzi za misuli, ndiyo maana kushuka mlima huumiza mapaja kuliko kuupanda. Dada zangu, vyuma havitawapa kifua cha kiume. Nguvu mnayoipata wiki za mwanzo inatokana zaidi na neva kujifunza kuamsha misuli, si misuli kuwa mikubwa. Na wewe wa kukata tumbo mara mia kila usiku: misuli ya tumbo haichomi mafuta ya jirani yake.