Si wepesi wa mikono, ni kimo cha mpira

"Mwalimu, mimi siwezi, mikono yangu mizito." Wiki hii nimeisikia mara nne. Ya nne ilitoka kwa mama mmoja aliyemleta mwanawe mazoezini Luchelele, kando ya ziwa hapa Mwanza, akajaribu mwenyewe kurusha na kudaka ndimu tatu, na ndimu zote zikaishia majini.

Nafundisha watoto sarakasi, na hakuna kauli inayonichosha kama hiyo. (Nazungumzia kurusha na kudaka mipira mitatu kwa mikono, si danadana za mguuni.) Mtu anamwona mzoefu, mipira inapita vuu vuu, basi anaamini mikono nayo inakimbia. Hebu iache mipira, tazama mkono. Zaidi ya nusu ya muda umeshika mpira, umetulia.

Muda unaletwa na kimo. Mpira uliopanda robo mita juu ya kiganja unakaa hewani sekunde 0.45 hivi. Ukipanda mita moja, sekunde 0.9. Yaani ukitaka muda mara mbili, kimo kiwe mara nne. Claude Shannon, mwanahisabati wa Marekani aliyependa mchezo huu, aliuwekea kanuni: jumlisha muda wa mpira hewani na muda wake mkononi, zidisha kwa idadi ya mikono, utapata sawa na jumla ya muda wa mkono ukiwa na mpira na ukiwa mtupu, ikizidishwa kwa idadi ya mipira. Chukua mipira mitatu inayopanda nusu mita. Mkono unaweza kukaa na mpira kwa nusu sekunde na ushee, kisha ukabaki na takriban robo sekunde ya kuwa mtupu. Nusu sekunde inatosha kutamka "Mwanza" bila kubabaika.

Mgeni wa mchezo huu anafanyaje? Anaogopa, anarusha chini chini, anajinyima muda, halafu anailaumu mikono. Mabega yamepanda hadi masikioni, viwiko vimekakamaa. Viwiko vikikakamaa, marekebisho yote yanabebwa na kiuno na miguu. Tena anahofia mipira itagongana, kwa hiyo ule wa pili anausukuma mbele, anaufuata, wa tatu unakwenda mbele zaidi, naye anaufuata. Kabla hajafikisha kumi yuko kwenye mitumbwi ya watu.

Mzoefu hasogei kwa sababu hana cha kukimbilia. Viwiko vyake vimelegea karibu na mbavu, kiganja kinachora umbo dogo la yai: kinadaka upande wa nje, kinaachia upande wa ndani. Mrusho wa ishirini unafanana na wa kwanza, kwa hiyo mpira unamfuata yeye. Wala hajaganda kama Jiwe la Bismarck, lile mwamba la ziwani Mwanza. Kiwiliwili kinayumba kidogo kwa mdundo, kama wachezaji wa Bugobogobo, ngoma ya Wasukuma, wanavyorusha majembe yao: ngoma ndiyo inayowapa muda, na hutamwona mmoja akilikimbiza jembe lake.

Dawa yangu ni moja, na wanafunzi wamechoka kuisikia: simama hatua moja mbele ya jiwe, uso ukiuelekea ubavu wake. Mawe Mwanza hatujapungukiwa. Mpira ukienda mbele utagonga jiwe, na hutaweza kuufuata. Anza na mpira mmoja, usawa wa macho, mkono hadi mkono, hadi uchoke. Mipira mitatu utaniomba mwenyewe baadaye.

Kauli nyingine ninazozisikia nazijibu kwa ufupi.

"Tazama mikono yako." Hapana. Macho yakae karibu na kilele cha mirusho, na mkono utajua mpira unatua wapi. Mgeni anatikisa kichwa kama mjusi kwa kila mpira. Mzoefu macho yake yametulia pamoja na shingo.

"Mtu mzima amechelewa." Mwaka 2004 watafiti wa Ujerumani walichapisha matokeo ya vijana waliojifunza mchezo huu kwa miezi 3: sehemu za ubongo zinazoshughulikia mwendo wa vitu vinavyoonekana ziliongezeka, zikapungua walipoacha mazoezi. Mwaka 2008 wakatoa matokeo ya watu wa umri wa miaka 60 hivi. Walijifunza kwa shida kuliko vijana, lakini ubongo wao nao ulibadilika.

"Nimenunua mipira ya tenisi." Ya nini? Inadunda, na kwenye miteremko ya Mabatini utaifuata hadi barabarani. Jaza mchele kwenye soksi kuukuu, funga, kata. Ikianguka inabaki hapo hapo ilipoanguka.

Na upepo wa ziwa wa mchana usiusingizie. Njoo asubuhi.