Sentensi Moja ya Mtoto wa Likoni na Sarufi ya Kiingereza

Jumatatu mama mmoja wa Likoni, hapa Mombasa, aliniletea daftari la bintiye aliye Gredi ya 7. Alikuwa amelitia kikapuni pamoja na mafungu ya mchicha yaliyombakia soko la Kongowea. Wanafunzi walikuwa wamepewa insha juu ya mzazi, na binti akaanza hivi: "My mother she wake up at eleven every day and he go to market." Sentensi nzima ilipigwa mstari mwekundu, chini yake pakaandikwa tatu kwa kumi, basi. Hapakuwa na neno hata moja la kueleza kosa liko wapi. Mama akaniuliza, "Mwalimu, mwanangu hafahamu ama hafunzwi?"

Kazi yangu katika kitengo chetu cha lugha ni kufunza walimu, na madaftari ya namna hiyo nimeyaona mengi. Nilimwambia mtoto wake anafahamu sana. Sentensi ile ina makosa ya aina tano, na yote matano yametoka kwenye Kiswahili kilichonyooka. Ameitunga sawasawa kichwani kwa lugha ya kwao, kisha akabadilisha neno baada ya neno. Anahitaji mtu wa kumwonyesha pale ambapo lugha hizi mbili zinaachana njia. Nataka kulifanya hilo hapa, kwa wanafunzi wa Gredi ya 7 hadi ya 9 na kwa wazazi wao, maana katika madarasa hayo hata Hisabati na Sayansi zinafundishwa kwa Kiingereza. Mtoto asiyekiweza huonekana hajui hesabu, kumbe lililomshinda ni kulielewa swali.

Nianze na "eleven", kwa sababu nadhani ndiyo iliyomchukiza msahihishaji zaidi. Mzazi gani huyu alalaye mpaka saa tano kila siku? Ukweli ni kwamba mama huamka saa kumi na moja alfajiri ili awahi feri kabla watu hawajajaa. Sisi twahesabu saa tangu jua linapochomoza, Mwingereza anahesabu tangu usiku wa manane na tangu adhuhuri, na tofauti yetu ni saa sita. Mtoto aitazame saa ya ukutani: mshale mfupi uko kwenye 5, nasi twasema kumi na moja, nambari inayoelekeana nayo upande wa pili. Kwa Kiingereza aisome nambari ile ile inayooneshwa na mshale. Somo hilo ni la dakika tano, na halimtoki tena.

"My mother she" ina kina zaidi. Katika Kiswahili husemi "mama yangu naamka" ukaeleweka. Lazima iwe "anaamka". Ile a- ni kiambishi cha nafsi, nayo haiondoki hata kama mama ametajwa hapo hapo kando. Mtoto ameichukua a- akaitafutia neno lake, akapata "she". Kwa Kiingereza kiima kikishatajwa kimetosha: ama "my mother wakes up", ama "she wakes up". Chagua kimoja.

Hapa huwa nawaambia watoto wajue mzigo wanaoubeba tayari. Sema, "Kiti kile kizuri kimevunjika." Ki- imejirudia mara nne, na ukitaka wingi unazigeuza zote: "Viti vile vizuri vimevunjika." Kwa Kiingereza, "that nice chair is broken" ikiwa wingi inakuwa "those nice chairs are broken", neno "nice" halikuguswa kabisa. Mtoto aliyeumudu upatanisho wa ngeli tangu hajaanza shule hawezi kushindwa na upatanisho wa Kiingereza, ambao ni mdogo mno. Udogo wake ndio unaoponyoka macho.

Kwa mfano hiyo "s" ya "wakes". Sisi twabadilisha mwanzo wa kitenzi kwa kila nafsi: ninaamka, unaamka, anaamka, tunaamka, mnaamka, wanaamka. Mwingereza anakiacha kitenzi kama kilivyo kwa zote, "I wake, you wake, we wake, they wake", isipokuwa moja: nafsi ya tatu umoja katika wakati uliopo wa mazoea. Hapo anaongeza "s" mwishoni, "she wakes". Zamani alama hizi zilikuwa nyingi zaidi. Wareno walipoanza kujenga Fort Jesus hapa kwetu mwaka wa 1593, Uingereza watu walikuwa bado wakisema "thou goest" na "he goeth". Nyingine zikapukutika na hii moja ikabaki. Kwa hiyo mtoto asiitafute mantiki kubwa ndani yake. Ajizoeze tu kujiuliza: je, kwa Kiswahili kitenzi hiki kingeanza na a- ya mtu mmoja, au kingekuwa cha kitu kimoja, kama "kiti kinaanguka" au "mti unaanguka"? Jibu likiwa ndiyo, na jambo ni la kila siku, "s" iwepo.

Chini kidogo kwenye ukurasa ule ule palikuwa na jingine: "Yesterday she did not sold all the tomatoes." Hili nalipenda, kwa sababu Kiswahili kinalitibu chenyewe. Nilimwita binti nikamwambia, kanusha "aliuza". Akasema, "hakuuza". Nikamuuliza, ile -li- imekwenda wapi? Akanyamaza, akaiandika, akaiangalia. Imeondoka, na nafasi yake imeshikwa na -ku-. Hakuna mtu Mombasa hii asemaye "hakuliuza" akikusudia -li- ya wakati (ile ya "hakuliuza gari" ni ya gari), kwa sababu wakati uliopita ukishaoneshwa mara moja hauoneshwi tena. Kiingereza nacho kina desturi hiyo hiyo: "did" ikishabeba wakati uliopita, kitenzi kinarudi kwenye umbo lake la asili, "did not sell". Swali nalo hivyo hivyo, "Did she sell?" Na katika wakati uliopo ile "s" inahamia kwenye "do": "she sells", lakini "she does not sell". Binti alirekebisha sentensi nyingine nne za aina hiyo bila mimi kugusa kalamu.

"He" badala ya "she" lisiwasumbue sana. Yeye ni yeye kwetu, awe mume au mke, na kosa hili hupungua kadiri mtoto anavyosoma. Kabla ya kuandika sentensi ya pili ajiulize a- hii ni nani, amwone huyo mtu. Kwa vitu, na kwa kawaida kwa wanyama pia, ni "it".

Linalobaki gumu miaka mingi, hata kwa watu wazima wenye shahada, ni "a" na "the". Vitabu vingi husema Kiswahili hakina kitu cha namna hiyo, nami naona usemi huo unamnyima mtoto ngazi ya kupandia. Linganisha "nimenunua kitabu" na "nimekinunua kitabu". Ya kwanza ni kitabu chochote, habari mpya kwa msikilizaji. Ya pili ni kile tulichokwisha kukizungumzia, na ile -ki- ya katikati ndiyo inayotuambia. Basi ya kwanza ni "I have bought a book", ya pili ni "I have bought the book". Mantiki hii mtoto anayo. Hajawahi kuambiwa tu kuwa anayo. Soko la Kongowea linajulikana nyumbani kwao, kwa hiyo "the market". Kuhusu "an", asikilize sauti wala asiangalie herufi: "an hour", kwa kuwa "h" haitamkwi, na "a university", kwa kuwa inaanza kwa sauti ya "yu".

Tahadhari moja kuhusu -me-. "Nimefika" ni "I have arrived", sawa. Lakini wengi wetu twasema "nimefika jana" na hakuna anayeshtuka. Kiingereza hakikubali "I have arrived yesterday". Ukitaja jana, juzi au mwaka wa 2023, tumia "I arrived".

Wapo wanaosema dawa ni kumkataza mtoto Kiswahili, na ninajua shule ambako akisikika akikisema anavishwa kibao shingoni. Nalipinga hilo kwa nguvu zangu zote. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kumwaibisha mtoto kwa lugha hiyo ni kumdhulumu. Tena ni kumpokonya chombo, kwa kuwa kila nilichomweleza binti yule kilipitia humo. Mtoto wa Mji wa Kale husema "ndoo" akiita mwenzake uani na huandika "njoo" darasani, husema "ndia" akaandika "njia". Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa, na Kiswahili cha shule anavitenganisha kila siku, wala hakuna aliyewahi kumwambia asahau kimoja ili akijue kingine.

Mzazi asiyejua Kiingereza naye ana kazi yake. Mtoto akiandika sentensi, mwambie akueleze kwa Kiswahili: nani, lini, wangapi, ni jambo la kila siku au la jana. Mara nyingi, akikueleza tu, jicho lake huiona "s" iliyokosekana. Sentensi tatu kila jioni zinatosha, zisomwe kwa sauti, na mwisho wa kila neno utamkwe. Ulimi wetu umezoea maneno yanayoishia kwa irabu, ndiyo maana konsonanti ya mwisho humezwa mdomoni, na isiyotamkwa haiandikwi.

Yule binti aliandika upya mbele ya mama yake: "My mother wakes up at five every day and she goes to the market." Kisha akainua kichwa akauliza mbona "wakes" ina "s" peke yake na "goes" ina "es". Nikamwambia vitenzi vinavyoishia kwa "o", "s", "sh", "ch" au "x" huchukua "es", kama "washes" na "watches". Chenye konsonanti na "y" mwishoni hugeuza "y" kuwa "ies", "carry" ikawa "carries", lakini "play" ni "plays" kwa kuwa "y" yake imetanguliwa na irabu. "Na 'have'?" akauliza. Hiyo ni "has". Akaiandika pembezoni mwa ukurasa, akaizungushia duara.