Kwa nini aleji ya salfa inatoa doa palepale kila mara?

Mtu anameza vidonge vya salfa, baada ya masaa machache mdomo unaanza kuwasha, kesho yake kuna doa la mviringo rangi ya zambarau, na ukimuuliza anakwambia mwaka juzi lilitoka hapohapo. Sio karibu na hapo, ni hapohapo kabisa. Mimi ninalo moja mkononi, kati ya kidole gumba na cha shahada, na kwa miaka mingi niliamini nilichoambiwa nyumbani: dawa ni kali, imechafua damu, na damu chafu imetafuta ngozi dhaifu ikatokea hapo.

Maelezo hayo yanaingia akilini ndio maana yanadumu, ila maswali mawili tu yanayakwamisha. La kwanza, ukishameza kidonge dawa inatembea na damu mwili mzima, inafika usoni, mgongoni, mpaka kwenye nyayo, sasa mbona doa ni moja na ngozi ya sentimita mbili pembeni iko salama? La pili, kama ni ukali, mbona mwenzako anamaliza dozi ileile bila hata kujikuna? Mimi nikawa najibu kwamba basi ngozi ya pale ni nyembamba, na hilo nalo sio kweli. Kilichonitoa huko ni kipimo wanachofanya madaktari wa ngozi: wanapaka dawa juu ya doa la zamani, halafu wanapaka ileile kwenye ngozi safi. Sio kila dawa inatoa jibu kwa njia hii, lakini ikitoa, doa la zamani ndilo linalowaka na ngozi safi inanyamaza. Damu chafu haihusiki hapo, maana dawa haijapita hata kwenye damu, imepakwa tu.

Kwa hiyo kuna kitu kinakaa kwenye lile doa. Kitu chenyewe ni seli za kinga, aina inayoitwa seli T za kumbukumbu, na hizi za ngozini hazizunguki na damu kama wengi tunavyodhani, zikishahamia mahali zinakaa miaka. Ngozi ya mtu mzima inakadiriwa kuwa na seli T kama bilioni 20, karibu mara mbili ya zilizo kwenye damu yote! Hilo lilinishangaza sana.

Fikiria shamba la miembe, mti mmoja una mzinga wa nyuki. Ukipita umejipulizia manukato, harufu inafika kila mti, ila vurugu inaanza kwenye mti wenye mzinga tu. Dawa ndio harufu, na zile seli ndio nyuki. Zikishaitambua zinamwaga kemikali na kushambulia, na anayeumia ni mbuzi aliyefungwa chini ya mwembe, yaani seli za kawaida za ngozi ambazo hazina kosa lolote. Zinakufa, ngozi inavimba, saa nyingine inatoa lengelenge. Mara ya kwanza inaweza kuchukua wiki moja au mbili kwa sababu mzinga haujajengwa bado, lakini ukirudia dawa ni suala la dakika 30 mpaka masaa machache.

Weusi unaobaki una hadithi yake. Seli za juu zikifa, rangi ya ngozi inadondokea tabaka la chini, inamezwa na seli walaji ambazo zinakaa nayo hapo miezi mingi. Ni kama chai, ikimwagika kwenye shuka unafua, ikizama kwenye godoro utaizoea tu.

Kwa nini mzinga ulijengwa pale na sio pengine, hapo ushahidi ni mwembamba. Kuna wanaoona ni sehemu zilizowahi kuungua, kung'atwa na mdudu au kupata maambukizi ya virusi, ila haielezi kila mgonjwa. Inajulikana tu kwamba midomo, mikono na sehemu za siri zinaongoza, na hili la sehemu za siri limeleta maneno kwenye ndoa nyingi maana mtu anashukiwa ugonjwa wa zinaa kumbe alimeza dawa.

Daktari Mfaransa Louis Brocq aliipa hali hii jina mwaka 1894, na dawa aliyoiona ikifanya hivyo ilikuwa ya maumivu, sio salfa. Hata leo ibuprofeni na doksisaiklini zinaweza. Huku kwetu salfa inasikika zaidi kwa sababu iko kwenye Septrin na kwenye SP ya malaria wanayopewa wajawazito.

Seli hizihizi ndizo zinazosubiri virusi vya malengelenge ya mdomo pale vilipowahi kutokea na kuvibana kabla havijasambaa, kwa hiyo usizichukie. Ila doa likitoka usijaribu dawa ile tena, kila ukirudia madoa yanaweza kuongezeka. Mwambie daktari aandike jina la dawa kwenye kadi yako, jina lenyewe, sio "aleji" peke yake. Na kama kuna homa, vidonda mdomoni au macho mekundu, ngozi inaanza kuchubuka, hiyo sio doa tena, nenda hospitali siku hiyohiyo.