"Presha imeshuka, daktari, nimeacha dawa"

Kauli hiyo husemwa kwa fahari. Mwezi uliopita mashine ilisoma 126/78, mgonjwa akajihesabu kapona, vidonge vikaishia kabatini. Leo inasoma 178/104.

Ile 126/78 ilikuwa kazi ya dawa. Vidonge vya presha huizuia tu, tena kwa muda vilivyomo mwilini. Kinachowadanganya wengi ni amlodipini, mojawapo ya vidonge hivyo: huchukua saa 30 hadi 50 ndipo kiwango chake kwenye damu kipungue nusu. Ukiacha Jumatatu, Jumatano unapima, bado safi, unajisifu. Presha inapanda polepole bila kichwa kuuma, na baada ya wiki moja au mbili imerudi kule kule. Ndiyo maana pia kumeza kimoja asubuhi ya kliniki "ili kipimo kitoke vizuri" hakusaidii: dawa hiyo huhitaji takriban wiki nzima ya kumezwa kila siku ndipo ifikie nguvu yake. Na wanaoruka dozi eti kwa sababu "leo napimwa", jamani, mezeni kama kawaida ndipo mje. Tunachopima ni presha yako ukiwa na dawa.

Kuacha atenololi na propranololi, nazo dawa za presha, ni hatari zaidi. Kuziacha ghafla huweza kuleta maumivu ya kifua, hata shambulio la moyo kwa mwenye mishipa ya moyo iliyoziba. Hupunguzwa kidogo kidogo, kwa maelekezo ya daktari.

Anayeona tunamtisha aangalie jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 1967, la wanaume 143 ambao namba ya chini ya presha yao ilikuwa kati ya 115 na 129. Kati ya 70 waliopewa vidonge visivyo na dawa, matatizo makubwa yalikuwa 27. Kati ya 73 waliopewa dawa, yalikuwa 2.

Kama vifundo vya miguu vinavimba kwa amlodipini, au enalaprili inakuletea kikohozi kikavu, sema. Dawa hubadilishwa. Kunyamaza na kuacha kimyakimya ndiko kunakotuletea watu waliopooza upande mmoja.

"Dawa hizi zinaharibu figo." Presha isiyotibiwa ndiyo inayoziharibu. Ukianzishiwa enalaprili au losatani, kubali kutoa damu ya kupima kreatinini (huonyesha figo zinavyofanya kazi) na potasiamu baada ya wiki chache.

"Nimepewa dawa mbili, basi nimezidiwa." Hapana. Utafiti wa CREOLE wa mwaka 2019, uliofanyika nchi sita za Afrika zikiwemo Kenya na Uganda, uliwaanzishia wagonjwa dawa mbili kwa pamoja, na michanganyiko yenye amlodipini ikashusha presha zaidi ya ule usiokuwa nayo.

"Chumvi mbichi ndiyo mbaya, iliyopikwa haina neno." Sodiamu, ile sehemu ya chumvi inayopandisha presha, haiungui jikoni. Kikomo cha chumvi ni gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, ukijumlisha mkate, vidonge vya mchuzi na ng'onda.

"Mashine ya nyumbani inadanganya." Mara nyingi kosa ni la mpimaji. Kojoa kwanza, kaa dakika 5 umeegemea, miguu chini bila kupishana, mkono juu ya meza usawa wa moyo, mkanda wa mashine kwenye ngozi, usiongee. Pima mara mbili, ukipumzika dakika moja katikati, uandike zote. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma juu kuliko presha halisi, kwa hiyo pima mzunguko wa mkono wako kabla ya kununua.