Mwandiko si kioo cha roho

“Herufi ndogo, roho ndogo.” Wapo wanaokutazamia mwandiko hivyo, wakakuambia wewe ni mchoyo. Shughuli hiyo huitwa grafolojia, jina lililotolewa na padri Mfaransa, Jean-Hippolyte Michon, katika karne ya 19. Ilipopimwa kitaalamu haikufua dafu: haitabiri tabia ya mtu wala atakavyofanya kazi. Inaaminika kwa sababu maneno yake yanamwenea kila mtu. “Wewe ni mpole, ila ukichokozwa huna simile.” Nani atakataa?

Mchunguzi wa maandishi wa mahakamani ni mtu mwingine kabisa. Yeye haulizi mwandishi ana moyo gani. Anauliza ni nani aliyeandika. Na kazi yake inaivunja dhana nyingine, kwamba saini ya kweli lazima ifanane na mwenzake mia kwa mia. Hakuna anayetia saini mara mbili sawasawa. Ukiziweka mbili, moja juu ya nyingine, zikalaliana mstari kwa mstari, shuku kwamba moja imefuatishwa. Katika kesi ya wosia wa Sylvia Ann Howland huko Marekani, iliyoamuliwa mwaka 1868, mwanahisabati Benjamin Peirce alitoa ushahidi kwamba saini mbili zilioana katika mistari yote 30 inayochorwa kalamu ikishuka, jambo ambalo kwa hesabu zake haliwezi kutokea kwa bahati. Mahakama iliamua kwa hoja nyingine ya kisheria, lakini kilichozitia saini zile mashakani ni kufanana kwenyewe.

“Hati nzuri mtu huzaliwa nayo.” Mafundi wa khati ya Kiarabu wangecheka. Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940, anatajwa kuwa ndiye aliyeweka kanuni ya kupima herufi kwa nukta inayoachwa na ncha ya kalamu ya tete: alifu ina urefu wa nukta kadhaa, na herufi nyingine hufuata kipimo hicho. Ni vipimo, kisha miaka ya kurudia.

Wala mkono wa kushoto hauharibu hati. Shida ni kwamba mstari ukienda kulia, mkono huo hupita juu ya wino mbichi. Mwandishi akiizungusha karatasi kidogo kufuata mwendo wa saa, na mkono ukakaa chini ya mstari, wino haupakazwi.