Kiloga: kinachosoma vidole vyako

Buni nywila ngumu kuliko zote: herufi 20, kubwa kwa ndogo, tarakimu, alama za mshangao, neno lisilomo kwenye kamusi yoyote. Iandike mara moja tu kwenye kompyuta yenye kiloga, na jasho lako lote limekwenda bure. Mwizi hana haja ya kubahatisha wala kuvunja kitu. Umemwandikia mwenyewe.

Kiloga ni programu au kifaa kinachonakili kila kitufe unachobonyeza kwenye kibodi na kumwekea mtu mwingine nakala hiyo. Ukipenda, kiite kinasa vitufe. Jina lenyewe limetoka ughaibuni, kwenye neno la Kiingereza "keylogger", na halina uhusiano na kuloga, ingawa sikio la Mswahili haliachi kushtuka, na kwa kweli tabia zinafanana: kinafanya kazi gizani, kwa jina lako, na mwenye nyumba ndiye wa mwisho kujua.

Rekodi ya kiloga ukiifungua inaonekana kama daftari la mtu mmbea. Saa mbili na dakika tano usiku, kivinjari kimefunguliwa kwenye ukurasa wa barua pepe. Kisha jina lako, kisha nywila, pamoja na herufi uliyokosea ukaifuta. Zile nukta nyeusi zinazofunika nywila kwenye skrini zinamzuia jirani anayechungulia begani, basi. Hata alama ya kufuli ambayo baadhi ya vivinjari huonyesha juu haisaidii hapa. Kufuli hiyo hufumba taarifa zinaposafiri kutoka kompyuta yako hadi tovuti, lakini kiloga hakisubiri safari ianze. Kimekaa pale mlangoni, kati ya kidole na kompyuta.

Ujanja huu ulianza kabla kompyuta hazijaenea majumbani. Mwaka 1984 Wamarekani waligundua kwamba taipureta za IBM Selectric walizokuwa wakitumia kwenye ubalozi wao Moscow na ubalozi mdogo wa Leningrad zilikuwa zimetegwa. Zilikuwa 16. Wasovieti walificha ndani ya kipande cha chuma vifaa vilivyohisi, kwa sumaku, namna mashine ilivyojongea kupiga kila herufi, kisha vikarusha taarifa hiyo nje kwa redio. Hakuna bahasha iliyofunguliwa wala karatasi iliyoibwa. Siri ilichukuliwa ikiwa bado inaandikwa.

Viloga vya vifaa bado vipo, na sasa vinatosha kwenye ncha ya kidole. Kinachomekwa kati ya waya wa kibodi na tundu la USB nyuma ya kompyuta, kinafanana na adapta ya kawaida, na antivairasi haikioni kwa sababu si programu. Kwenye kompyuta ya maktaba, ya hoteli au ya intaneti kafe, inama uangalie nyuma kabla hujakaa. Nyumbani hatari yake ni ndogo zaidi, maana lazima mtu aingie ndani kukichomeka. Tatizo ni kwamba anayekichomeka nyumbani mara nyingi ni wa humohumo: mke, mume, mzazi, mtu mnayekaa naye. Hilo ni jambo la ndoa na familia, na antivairasi haitalitatua.

Wengi wetu tunakutana na kiloga cha programu. Nacho hakiingii kwa dirisha lililovunjwa, tunakifungulia wenyewe. Kompyuta ya nyumbani ina watumiaji watano na akaunti moja. Baba anafanyia kazi za ofisi, mtoto anatafuta mbinu za kushinda gemu, shemeji anakuja na flashi yenye filamu. Kisha kuna fundi anayeweka Windows pamoja na programu zilizokrakiwa, yaani za kulipia zilizovunjwa kufuli zitumike bure, ambazo maelekezo yake huanza na sentensi ileile: zima antivairasi kwanza. Sijui kwa nini sentensi hiyo haitutishi. Mlinzi wa getini akikuzuia na mgeni, na mgeni akasema, "Mwambie mlinzi akalale kwanza ndipo niingie", ungemkaribisha chai? Si kila programu iliyokrakiwa ina kiloga, lakini ukishaizimia antivairasi huna tena njia ya kujua ipi inacho.

Na wala si wasiojua kompyuta tu wanaonaswa. Mwaka 2022 kampuni ya LastPass, ambayo biashara yake ni kutunzia watu nywila, iliibiwa nakala za kabati za nywila za wateja wake. Njia moja ya wezi ilipita kwenye kompyuta ya nyumbani ya mhandisi wake mmoja, kati ya wanne tu waliokuwa na funguo za hifadhi hiyo. Kompyuta ile ilikuwa na programu ya kuangalizia filamu na muziki ambayo haikuwa imesasishwa kwa muda mrefu, na kupitia ufa huo wakaweka kiloga. Mhandisi akaandika nywila yake kuu kama kawaida, akathibitisha hatua ya pili inayoombwa baada ya nywila kama kawaida, na wezi wakawa ndani. Kampuni nzima ya usalama iliponzwa na kompyuta ya sebuleni.

Wakati mwingine hakuna mwizi kabisa. Mwaka 2017 watafiti wa modzero, kampuni ya Uswisi, waligundua kwamba draiva ya sauti, yaani programu ndogo inayoendesha sauti, kwenye baadhi ya laptopu za HP ilikuwa ikiandika kila kitufe kwenye faili ambalo mtumiaji yeyote wa kompyuta ile angeweza kulifungua. Draiva ilitakiwa kusikiliza vitufe vichache tu, kama kile cha kuzima maikrofoni. Ikasikiliza vyote na kuviweka kumbukumbu.

Sasa kinga. Kuna ushauri unaozunguka sana kwamba utumie kibodi ya kwenye skrini, ubofye herufi kwa mausi. Ushauri huo una nusu ya ukweli. Kiloga cha kifaa kilichochomekwa kwenye waya kitapitwa, kwa sababu hakuna kilichopita kwenye waya. Cha programu ni habari nyingine: kibodi ya skrini ya Windows hupeleka herufi kwenye mfumo kama ile ya kawaida, na viloga vingi hupiga picha ya skrini kila unapobofya. Kunakili na kubandika nako ni vivyo hivyo, kwani ubao wa kunakili pia husomwa.

Kuna hila moja ninayoipenda, iliyoandikwa na Dinei Florêncio na Cormac Herley wa Microsoft Research mwaka 2006 kwa ajili ya watu wa intaneti kafe. Andika herufi ya kwanza ya nywila, bofya mahali patupu kwenye ukurasa, andika upuuzi wowote, rudi kwenye kisanduku uandike herufi ya pili, toka tena, uandike upuuzi mwingine. Kiloga cha kawaida kinapata mchele na pumba pamoja, bila kujua kipi ni kipi. Inachosha, na kiloga kinachopiga picha za skrini kitaichambua. Kwa mtu aliyebanwa ugenini inasaidia; nyumbani kwako, ukifikia hatua ya kuhitaji hila hii, tatizo si nywila tena bali ni mashine.

Kinachosaidia zaidi ni kuipunguzia kibodi kazi ya kubeba siri. Programu ya kutunza nywila hujaza yenyewe kwenye kisanduku, kwa hiyo kwa siku nzima unaandika nywila moja badala ya kumi. Hiyo moja ndiyo aliyoibiwa mhandisi wa LastPass, kwa hiyo usiione kama dawa ya kila kitu. Uthibitishaji wa hatua mbili unaongeza ukuta: msimbo wa programu ya simu hubadilika kila sekunde 30 au karibu na hapo, na mwizi anayesoma daftari la kiloga kesho yake atakuta umeshakufa. Zuri kuliko hayo ni ufunguo wa siri (passkey) unaokaa kwenye simu na kufunguliwa kwa alama ya kidole, maana hapo hakuna kinachoandikwa cha kunasa. Linabaki pengo moja. Programu nyingi za wizi siku hizi huja na kiloga pamoja na mkono wa kuchukua vidakuzi vya kivinjari, yaani vifaili vinavyoikumbusha tovuti kwamba umeshaingia, na mwenye vidakuzi vyako huingia kwenye akaunti ambayo tayari umeifungua, bila kuulizwa nywila.

Ndiyo maana kabla ya hila zote kuna kazi isiyo na mvuto: sasisha Windows, kivinjari, na hata ile programu ya filamu, wape watoto akaunti isiyo na mamlaka ya kusakinisha programu, na wewe mwenyewe utumie ya namna hiyo kwa kazi za kila siku.

Watu huniuliza kuhusu M-Pesa. PIN unayoiandika kwenye simu haipiti kwenye kibodi ya kompyuta, kwa hiyo kiloga cha kompyuta hakiioni. Barua pepe ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu akaunti nyingine nyingi ukibofya "nimesahau nywila" hutuma kiungo huko. Mwenye barua pepe yako ana shada zima la funguo.

Ukishuku kuwa kompyuta ina kiloga, kosa la kwanza ambalo karibu kila mtu hufanya ni kukimbilia kubadilisha nywila kwenye kompyuta hiyohiyo. Umemsomea mwizi nywila mpya. Ichomoe kwenye intaneti, chukua simu au kompyuta nyingine unayoiamini, anza na barua pepe, kisha benki, kisha zilizobaki, na kwenye kila akaunti tafuta sehemu ya kuondoa vifaa vyote vilivyoingia ili vidakuzi vilivyoibwa visifae tena. Baada ya hapo hamisha picha na nyaraka zako, si programu, futa diski yote na uweke Windows upya kutoka kwa Microsoft wenyewe. Flashi ya fundi iache kabatini.